Mashine Iliyokaa Kinshasa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mapema ili msije mkanishangaa huko mbele, maana kama Jumatatu ile ningekuwa mtu wa kusikiliza, baba yangu angesema neno lake kwa wakati, na mimi nisingekuwa na kitu cha kuandika.

Neno lenyewe lilianza zamani, wakati wa uasi wa kwanza ninaoukumbuka, tulipokuwa bado milimani Masisi. Asubuhi moja baba aligombana na kaka yangu mkubwa kwa sababu kaka aliwaacha ndama wakaingia kwenye maharagwe ya jirani. Kaka alikuwa na miaka kama kumi na sita. Baadaye siku hiyo walikuja wageni, nikasikia sauti za wanaume uani. Mimi nilikuwa mtoto, nimejificha nyuma ya jiko nikila viazi nilivyoiba. Na nikamsikia baba akimwambia kaka, mbele ya wageni hao: "Wewe si mutoto yangu. Toka hapa."

Kaka akatoka. Akashuka mlima, hatukumwona tena. Miaka mingi ilipita ndipo tukasikia kwamba yuko Uganda, katika kambi ya wakimbizi.

Kwetu, neno kama hilo haliondolewi kwa barua wala kwa kumtuma mtu. Mzazi aliyelitoa anachukua maziwa, anakunywa kidogo, halafu anamwambia mtoto kwa sauti yake, mtoto akiwa anasikia, kwamba amemfungulia. Baba hakupata nafasi hiyo, na mimi nilidhani hakuitafuta. Nilimpikia, nilimfulia, nilimpeleka hospitali, tukakimbia naye vita viwili. Lakini moyoni nilikuwa sijamsamehe, na sioni haya kuandika hivyo. Nilimwita papa kwa mdomo tu.

Sasa, tulipokuwa tayari Goma, shangazi yangu akafika kutoka Kampala, kwa siku moja tu, na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa habari: kaka amekubaliwa kwenda kuishi nchi ya mbali, ya baridi. Jumatatu ijayo, saa kumi alasiri kwa saa ya kwetu, ofisi ya kambi ingempa nafasi ya kuzungumza na familia kwa video. Zamu yake ilikuwa ya saa moja. Baada ya hapo basi linawachukua, na hakuna aliyejua lini angepata simu tena.

Muzee, yaani baba, alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Jumatatu unitafutie maziwa."

Kitu cha pili kilikuwa laptop mpya, ndani ya katoni yake, na ile karatasi laini ya kung'ara bado imebandikwa kwenye kioo. Mimi natafsiri, Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa, na bila mashine nilikuwa natafsiri kwa mkono kama karani wa zamani. Ile ya kwanza niliipoteza siku mlima wa volkano ulipopasuka. Jumamosi jioni anga ya upande wa Nyiragongo iligeuka nyekundu, tukakimbilia Sake na mji mzima, na mimi, mwenye akili zangu, nilibeba sufuria ya maharagwe nikaiacha mashine mezani. Tuliporudi nyumba ilikuwa imesimama. Moto haukuifikia. Mwizi alifika.

Ni katika mbio zile pia saa ya mkononi ya muzee ilipogongwa na ubao wa lori. Kioo kikapasuka, ikalala siku mbili, halafu ikaamka yenyewe. Muzee aliirekebisha kwa kutazama jua na kwa hesabu yake ya ng'ombe, maana yeye hata leo anaigawa siku hivyo: sasa wanakamuliwa, sasa wanakwenda majini, sasa ndama wanarudi. Ng'ombe wenyewe waliisha zamani, wengine waliliwa na wenye bunduki, wengine tuliwaacha. Mimi saa hiyo nilikuwa naiita mgonjwa.

Basi nikafungua laptop yangu mpya, nikaiwasha, nikakaa vizuri. Ikanisalimia kwa Kiingereza. Halafu ikataka barua pepe. Nikatoa. Ikataka namba ya simu ili initumie tarakimu za kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Hapo nikakwama, kwa sababu simu yangu ilikuwa imechukuliwa wiki moja kabla kwenye barabara ya Kibati, na watu wenye silaha ambao sikuwauliza ni wa upande gani. Nilikuwa nimewapelekea ndugu zetu unga kambini. Nikarudi bila unga, bila simu, nikashukuru Mungu. Sasa mashine yangu mwenyewe ilikuwa inanizuia mlangoni, na kuzungusha vile viduara vyake, na kula koneksio ya watu.

Koneksio, yaani intaneti, ilikuwa ya jirani yetu, mwalimu wa hesabu, na umeme wa sola pia. Nyumba yake ya Buhene iko chini ya mawe ya volkano mpaka leo. Yeye, mke na watoto wanne waliingia kwenye vyumba vya nyuma vya parsele yetu, kiwanja chetu, wakiwa na magodoro mawili. Usiku ule wa moto alitoka na rozari shingoni, na kwenye kamba ile ile ya rozari alikuwa amefunga kle moja ya kompyuta, yaani flashi. Mkewe alimcheka miezi. Ndani ya kle hiyo kulikuwa na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na mwalimu aliizungumzia Linux jinsi watu wengine wanavyozungumzia wokovu.

Akatazama kioo changu, akatikisa kichwa.

"Dada, hii mashine ni yako ao wewe ni wake?"

"Mwalimu, mimi nataka ifunguke tu."

"Itafunguka. Hii yangu haiulizi namba ya simu ya mutu. Watu waliitengeneza wakaitoa bure, kila mutu anaweza kuangalia ndani namna imefungwa. Hakuna siri."

"Na kama haina mwenyewe, nikiharibikiwa nitamlilia nani?"

"Utanililia mimi."

Hilo lilinitosha. Ilikuwa Alhamisi alasiri. Akachomeka kle, akabonyeza vitu, kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakaanza kushuka mbio kama mchanga. Nikamwuliza yale ni nini. Akasema, "Inajitazama mwili." Nikamwuliza tena, akasema mambo ya diski, ya kugawa, ya mzizi, na kila neno alilonieleza lilizaa mengine mawili ambayo sikuyaelewa. Niliitikia tu. Nikasoma "Tout effacer", futa vyote, nikavuta mkono wangu nyuma, ingawa mashine ilikuwa mpya na haikuwa na kitu cha kufutwa. Mtu aliyekimbia mara nyingi hapendi kusoma maneno hayo.

Katikati ya kazi, gari la maji likapiga honi barabarani. Siku zile bomba zilikuwa zimekauka, nguzo za umeme zililala huko vita vilikopita, na gari la maji halikumngojea mtu. Mwalimu akachukua bidoni zake, yale madumu ya maji.

"Ikikuuliza kitu, ujibu," akasema. "Maulizo ni mepesi."

Ikaniuliza lugha. Nikachagua Kifaransa. Ikaniuliza kibodi. Nikachagua ya Kifaransa. Nikaanza kujiona fundi. Halafu ikaleta ramani ya dunia na kuniuliza: uko wapi?

Ulizo jepesi, alisema mwalimu.

Nikalitafuta ziwa letu, nikaliona, dogo kama punje ya mchele. Nikabofya juu yake kidogo, pale tulipokuwa tumekaa. Chini ya ramani pakaandikwa: Kigali.

Nikabofya tena, upande wa kushoto zaidi. Kigali. Nikasogeza mshale kama mtu anayetoa mwiba, nikabofya. Kigali.

Mtu wa mbali atasema, sasa iko nini? Ni mji wa jirani, mashine inatafuta mji mkubwa ulio karibu. Lakini nyinyi mliokuwa Goma miezi ile mnajua. Waasi walikuwa milimani na wanashuka, na ilisemwa Kigali iko nyuma yao. Mjini watu walikuwa wanatazamana pua. Sisi tunaosema Kinyarwanda nyumbani, ambao babu zetu wamezikwa Masisi na Rutshuru, wakati kama ule tunapunguza sauti sokoni, tunaitana kwa Kiswahili njiani. Kwenye vizuizi walikuwa wanafungua simu za watu na kusoma. Nikajiona nimesimama kwenye kizuizi, kijana mwenye bunduki amefungua laptop yangu, na jambo la kwanza analolisoma ni mji wa ng'ambo ya mpaka. Namweleza nini? Kwamba nilibofya ziwa?

Kulikuwa na orodha pembeni. Nikaifungua, nikaona Lubumbashi. Nikasema, Lubumbashi mimi naenda kufanya nini? Sina hata shemeji huko. Nikashuka mpaka Kinshasa. Hapo nikapumua. Mji mkuu ni mji mkuu, hakuna mwanajeshi wa kuuliza mbona Kinshasa. Nikabofya, nikabonyeza endelea.

Mwalimu akarudi na bidoni zake, ameloa.

"Imeuliza kitu?"

"Hapana," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hapana. Pengine niliona aibu kwamba nimeogopa ramani.

Mashine ikafunguka, safi, haraka, na sikuulizwa mimi ni nani. Nilifurahi kwa kweli. Ila kuanzia siku hiyo siku zangu zikaanza kukosa mahali. Nilianza kutafsiri mashine ikisema saa tisa, na kabla sijachoka giza lilikuwa mlangoni. Nikadhani ni moshi wa mlima. Nilikuwa sina simu ya kulinganisha, na kengele ya parokia haikupigwa tena tangu mapigano yasogee. Redio ya nyumbani haikuwa na betri. Muzee akatazama mkono wake, akasema ni saa kumi na mbili. Mashine inasema kumi na moja.

"Papa, hiyo saa yako iligongwa na lori."

"Lori iligonga kioo. Haikugonga saa."

Jumapili nikaenda misa ya saa tatu nikiwa nimejipanga vizuri kabisa kwa saa ya mashine, nikakuta watu wanatoa sadaka. Muzee alikuwa ameketi mbele, amefika mapema kwa saa yake mgonjwa. Nilikasirika mpaka ibada ikaisha. Njiani nikamwambia kwamba mapadri siku hizi wanakimbiza misa kwa sababu ya vita, wanaanza kabla watu hawajafika. Muzee alikuwa anatazama jua, akanitazama na mimi, akaendelea kutembea.

Ningeweza kuelewa hapo. Mtoto wa shule angeelewa. Lakini kichwani nilikuwa na mabomu ya usiku, na uvumi wa kila aina, na mitetemeko midogo ambayo haijulikani kama ni mlima au ni mizinga. Kitu kimoja tu ndani ya nyumba kilikuwa kipya na kizima, nacho ni mashine. Nikaiamini.

Jumatatu nikatoka mapema kutafuta maziwa. Wenye maziwa walikuwa hawashuki tena kutoka Masisi, barabara imefungwa. Nilizunguka mpaka Himbi, nikapata kidogo kwa mama mmoja mwenye ng'ombe wawili uani kwake. Nikayachemsha, nikayapoza, nikamimina kwenye kikombe cha bati cha muzee, nikakiweka mezani pembeni ya laptop na kukifunika kwa sahani. Muzee alivaa koti lake la Pasaka. Alinyoa ndevu, akajikata kidogo kidevuni. Mwalimu alikuwa amenionyesha namna ya kupokea mwito na namna ya kuupiga, akaniachia koneksio, akaenda Kituku kuchota maji ya ziwa kwa sababu gari la maji halikuja.

Tukakaa. Muzee mbele ya kioo, mimi ubavuni. Kwa mashine, ilikuwa saa tisa kasoro.

"Muite," akasema muzee. "Ndama wanarudi."

"Papa, ndama gani? Tuko Goma."

"Jua limefika pale." Akaonyesha ukuta wa jirani. "Wakati jua liko pale, ndama wanarudi. Ni saa kumi."

"Ni saa tisa. Tazama, imeandikwa."

Akaleta mkono wake karibu na kioo, saa yake iliyopasuka na saa ya mashine, zikakaa pamoja. Dakika zilikuwa karibu sawa. Zilipishana kwa kama saa nzima, na hata hilo sikuliona.

"Tukipiga kabla ya zamu yake watatufungia," nikasema. "Tulia. Kwa nini huwezi kuamini kitu hata kimoja ambacho hukukichunga wewe?"

Nilisema vile, na ukali wenyewe ulikuwa wa zamani, wa nyuma ya jiko. Muzee akakunja mikono juu ya mapaja. Nikaona mwito ukitokea kwenye kioo, jina la kambi, unalia. Mungu anisamehe, nikadhani wanajaribu laini. Nikabofya, ukakatika kabla haujafunguka, koneksio ikapotea kidogo, ikarudi. Nikamwambia muzee, wanajiandaa. Akatikisa kichwa kukubali. Tukangoja. Jua likatoka kwenye ukuta wa jirani likapanda bati.

Mwalimu akaingia na bidoni mbili, akatukuta katika nguo za Jumapili.

"Mumemaliza? Alisema nini?"

"Bado. Saa kumi haijafika."

Akaweka bidoni chini taratibu. Akatoa simu yake mfukoni, akanionyesha. Saa kumi na dakika hamsini na tano.

Nilipiga hapo hapo. Akapokea mama mmoja wa ofisi ya kambi, uso umechoka, nyuma yake kiti kitupu cha plastiki. Akasema kaka alikuwa pale kuanzia saa kumi. Walipiga mara moja, ikakatika upande wetu. Alikataa kuondoka, alikaa mbele ya kioo karibu zamu yake yote. Kisha basi likaita majina.

"Aliacha ujumbe?" nikauliza.

Yule mama akageukia kile kiti kitupu. "Alisema, najua hatakuja."

Muzee alisikia. Kiswahili kilikuwa wazi, sikuwa na cha kutafsiri.

Mwalimu akavuta mashine kwake, akafungua mipangilio. "Nani aliandika Kinshasa?" akauliza polepole. "Goma iko na saa ya Lubumbashi, dada. Siku zote. Kinshasa iko nyuma saa moja."

"Ni mimi."

"Juu ya nini?"

Nikawaeleza, ramani, ziwa, na lile jina lililojiandika mara tatu. Nilieleza nikitazama meza. Nilitegemea muzee anikaripie, na nilitaka anikaripie. Tungekuwa sawa, kila mmoja na kosa lake.

Akauliza tu, "Uliogopa?"

"Niliogopa, papa."

"Hii mashine inaweza kuchukua sauti, impelekee?"

Mwalimu akasema inaweza. Akafungua kinasa sauti, akatoka nje. Mimi nikataka kutoka pia, muzee akanishika mkono. Kisha akakisogelea kioo, akazungumza kwa lugha yetu ya nyumbani. Nayaandika hapa kama ninavyoweza.

"Mwanangu. Siku ile kulikuwa na watu wa bunduki uani. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza kila baba ana wana wangapi. Kwa jirani walikuwa wameshachukua wawili. Wakaniuliza, nikasema nina binti mmoja tu. Hapo hapo ukatokea na fimbo yako nyuma ya ndama. Nikasema wewe si mtoto wangu, wewe mwizi wa ndama, toka hapa. Wakakuchapa, wakacheka, wakakufukuza. Nilisema si mtoto wangu kwa sababu walikuwa wanatafuta watoto wangu. Nilijua utarudi usiku nikueleze. Niliwasha moto nikangoja. Hukurudi. Niliogopa, mwanangu. Leo nilikuwa hapa tangu ndama waliporudi, nimevaa koti. Aliyechelewesha ni saa. Ukisikia, nijibu, nami nitakunywa maziwa."

Nikazima. Miaka yote ile nilikuwa nimesikia sauti za wageni na sijawahi kujiuliza walikuwa wageni gani. Nikalia pale pale mbele ya mashine, kwa sauti, na muzee akanipa sahani iliyofunika kikombe, sijui ili nifanye nayo nini.

Tuliutuma ujumbe kwenye anwani ya kaka aliyotupa yule mama wa ofisi. Ukaonyesha alama moja, umetoka, haujafika. Maziwa ya siku ile tuliwapa watoto wa mwalimu. Tangu hapo muzee hakugusa maziwa tena, yeye aliyelelewa nayo. Asubuhi alikunywa chai kavu. Kila siku aliniuliza, "Amesikia?" na kila siku nikasema bado. Waasi waliingia mjini katika siku hizo, tukalala sakafuni chini ya dirisha, mashine katikati yetu imefungwa kwenye kitenge. Hakuna aliyekuja kuifungua. Hakuna aliyesoma mji wowote. Mwalimu alikuwa amekwisha kuandika Lubumbashi, na saa zote mbili za nyumba ile zikawa zinakubaliana.

Wiki ya sita, alasiri, nikiwa natafsiri, alama ya pili ikatokea kwenye ujumbe ule, na dakika chache baadaye mwito ukalia. Namba ndefu ya nchi nisiyoijua. Nikamwita muzee kabla sijabofya, nikangoja mpaka akakaa, ndipo nikabofya.

Kaka alikuwa amezeeka. Ana kipara kama cha baba, amevaa koti nene ndani ya nyumba. Alimtazama muzee, muzee akamtazama. Mwishowe kaka akauliza lile ambalo watu wote walio mbali huuliza.

"Papa, huko ni saa ngapi?"

Nilifungua mdomo nimsomee saa. Muzee akaweka mkono wake juu ya wangu. Hakutazama mashine wala mkono wake, alitazama ukuta wa jirani.

"Ndama wamerudi," akasema.

Kisha akanigeukia, akaniomba maziwa.